Beseni la Darasa la Sita

Beseni nililofundishia somo la kuelea na kuzama nililinunua Kirumba mwaka 1989 kwa pesa yangu mwenyewe. Mume wangu hakuhoji. Alidhani ni la kufulia. Lilikuwa la enameli, jeupe, lenye mstari wa buluu ukingoni. Humo vimepita visoda, makopo ya maziwa, kandambili, ndizi mbichi, mayai mazima na mayai viza, jiwe la kusugulia miguu, na siku moja chura, aliyeletwa na kijana aliyetaka kujua kama chura anaelea kwa kupenda au kwa kulazimika. Swali hilo sijalijibu hadi leo.

Nilistaafu mwaka 2018 baada ya miaka 42 ya chaki. Walimu vijana wa mtaani kwangu wakitoka semina hupita kunisalimia, "Shikamoo mwalimu," kisha hunieleza habari za ufundishaji shirikishi kana kwamba umeshushwa na ndege wiki iliyopita pale uwanjani. Huwa nawasikiliza mpaka mwisho, na chai nawapa. Lakini kila kizazi cha walimu wa kanda hii ya ziwa kimeambiwa kwamba kabla yake watu walikuwa wakikariri tu. Mimi maneno hayo nimeyasikia mara tatu, kila mara kwa jina jipya, na naona ni haki niandike mambo yalivyokwenda huku kwetu Mwanza.

Nianzie shikome. Kwetu Wasukuma, shikome ni moto wa jioni nje ya nyumba, karibu na zizi, ambapo wanaume na wavulana waliota wakisubiri chakula. Hapo ndipo mtoto alipofundwa. Babu alisema "Kalagu!", watoto wakaitikia "Kize!", kitendawili kikatoka. Pembeni kulikuwa na isolo, yaani bao letu, na mtoto wa miaka kumi aliyezoea kukaa akiwatazama wakubwa wakicheza alijua kujumlisha na kutoa kabla hajaiona namba iliyoandikwa. Sisi wasichana tulikuwa upande wa jikoni na mdako wetu: kijiwe kimoja kinarushwa juu, vingine vinazolewa shimoni kwa idadi kabla hakijatua. Hesabu nilijifunzia hapo. Sisemi haya kwa kuyapamba ya kale, maana shikome ilikuwa na ukali wake, na maswali mengine yalijibiwa kwa kofi. Ila mzee alipouliza, alisubiri jibu. Kusubiri huko ndiko nilikokuja kukutafuta madarasani miaka yote, na mara nyingi sikukuona.

Mapadre Weupe waliweka misheni Bukumbi, kusini mwa mji, mwaka 1883. Wamisionari wa Kianglikana wakafika Nasa, upande wa Ghuba ya Speke, miaka michache baadaye. Shule zao za mwanzo zilikuwa za dini, na mafundisho ya dini nayo yalikuwa ya swali na jibu. Tofauti ni kwamba jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa, na kazi ya mtoto ni kulirudisha kama alivyolipokea. Nadhani hapo ndipo swali lilipobadilika tabia katika shule zetu.

Baba yangu alisoma shule ya kati. Vijana wa leo hawaijui. Enzi za Mwingereza shule ya msingi iliishia Darasa la Nne, na wachache waliovuka mchujo waliendelea na shule ya kati, Darasa la Tano hadi la Nane. Katika miaka ya 1950 shule hizo zilitakiwa zifundishe kazi za mikono na kilimo, na huku kwetu ukisema kilimo umesema pamba. Mbegu zilitoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, hapo Misungwi, na hadi leo mbegu zake hubeba herufi UK kabla ya namba.

Lakini huo ndio uliokuwa wakati wa ule Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947 na kwenda hadi mwaka 1956. Serikali ilitaka watu walime kwa matuta, na si matuta tu bali matuta yaliyofungwa, yale yenye vikingo katikati ili maji yasikimbie. Ilikuwa sheria. Asiyelima hivyo alipelekwa barazani akatozwa faini. Watu walichimba wakilaani, na hasira hiyo, pamoja na ile ya kupunguziwa ng'ombe, ilikuwa kuni kavu kwa siasa. Wakoloni waliliona hilo, ndiyo maana TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka 1954 hadi 1958.

Sasa, shuleni kwa baba kulikuwa na matuta yaleyale. Siku moja mwalimu wao aliwatoa darasani, akawapanga kati ya vipande viwili vya shamba, kimoja sesa tupu na kingine cha matuta yaliyofungwa. Akaleta ndoo mbili za maji, akamwaga moja huku, moja kule. Akauliza: "Maji yameenda wapi?" Kisha akanyamaza. Baba alisema walikaa pale hadi kengele ya mchana wakibishana, wakifukua kwa vidole kuona unyevu umeshuka kiasi gani. Hakuendelea mbali na masomo. Alimaliza la Nane akawa karani wa kupima pamba kwenye chama cha ushirika. Lakini mpaka anakufa alikuwa akisema kwamba tuta ambalo babu alilichimba kwa kuogopa faini, yeye alilielewa kwa ndoo mbili za maji.

Mimi nilianza shule mwaka 1966. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Aliyeiandika alikuwa mwalimu kwa kazi na mtoto wa ziwa hili hili kwa shule, maana Nyerere alianza masomo mwaka 1934 pale Mwisenge, Musoma. Kijitabu chenyewe sikukisoma utotoni. Nilikutana na jembe lake tu. Tukiwa Darasa la Tano tulikuwa tukitoka saa tano na majembe mabegani, tunarudi saa saba tumechoka, miguu imejaa vumbi. Pamba iliota vizuri. Siku ilipopimwa nikauliza tumepata kilo ngapi, nikaambiwa nirudi mstarini.

Nilikisoma kijitabu miaka kadhaa baadaye, nikiwa mwalimu mwanafunzi, na nusura nilie. Mle Mwalimu anasema wanafunzi washiriki kupanga, waamue mambo ya shamba lao wenyewe, wakikosea waone matokeo ya kosa lao. Shamba lilikuwa liwe mahali pa kufikiri. Kati ya Dar es Salaam na shule yetu, kufikiri kulidondoka njiani na jembe likafika salama. Wapo wanaosema siasa ya kujitegemea iliua elimu. Mimi nasema kazi bila swali ni kibarua, na sisi tulipewa kibarua kwa jina la somo. Tofauti ya baba yangu nami haikuwa kilimo wala mkoloni. Ilikuwa yule mwalimu aliyeshika ndoo akanyamaza.

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kila mtoto awe shuleni ifikapo Novemba 1977. Azimio la Musoma hilo. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2 nchi nzima mwaka ule; kufikia 1980 walizidi milioni 3. Walimu wa kuwatosha wangetoka wapi? Tulitoka vijijini, sisi tuliomaliza Darasa la Saba. Asubuhi tulifundisha watoto wadogo, mchana tulisoma sisi, vijitabu vya masomo kwa njia ya posta tukavijaza, na redio ikiwa na betri tulisikiliza vipindi vya Radio Tanzania. Mwishoni tulipelekwa chuoni kwa wiki chache. Mimi nilipelekwa Butimba. Mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa UPE, na watani wakatafsiri UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Nimelisikia neno hilo kwenye daladala, kanisani, na mara moja kwenye harusi ya mwanangu. Walimu waliopatikana kwa mafunzo ya haraka miaka ya 2000 waliitwa voda fasta, nikawaambia: karibuni ukoo.

Ukweli ni kwamba tulijua kidogo. Kwa sababu hiyo tulilazimika kuuliza. Jambo nililotakiwa kulifundisha Jumatatu nilikuwa nimelisoma Ijumaa, na nilipokwama niliwageukia watoto wa wavuvi, ambao juu ya upepo, nyavu na mwezi walinizidi mbali. Butimba walitufundisha kutengeneza zana: visoda vya kuhesabia, ramani kwenye gunia la sukari, saa ya boksi yenye mishale ya njiti. Sanaa na muziki vilikuwa sifa ya chuo kile na tulivionja, ingawa kwa kupita.

Halafu ikaja vita ya Kagera, na baada ya vita ikaja dhiki. Katikati ya miaka ya 1980 niliandikia ubaoni kwa muhogo mkavu. Daftari moja liligawanywa kwa wembe liwatoshe watoto wawili. Shule yetu ilikuwa karibu na ufukwe, basi hesabu za Darasa la Tano tulizifanya mchangani. Kila mtoto na mita yake ya mchanga, mimi napita na fimbo, si ya kuchapia bali ya kusahihishia. (Ya kuchapia nilikuwa nayo pia. Sitaki kujipaka asali.) Wimbi likija kubwa, mtihani umekwisha.

Katika miaka hiyohiyo sangara alilitwaa ziwa. Samaki huyu alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, na kwetu wingi wake ulionekana miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vikafuata, nasi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Ila kabla ya hayo, niliona mtoto wa Darasa la Sita akichora samaki kwenye somo la viumbe hai na hajui jina lingine zaidi ya sangara, sato na dagaa. Nikawapa kazi: nendeni kwa bibi na babu, mniletee majina ya samaki wote wanaowajua, na mtu aeleze samaki huyo anavuliwaje na anapikwaje. Wiki mbili tulikuwa nayo. Yakaja furu, ningu, gogogo, domodomo, nembe, kamongo. Kwa furu peke yake walileta aina ambazo bibi mmoja alizitofautisha kwa rangi na kwa mahali anapokaa, kwenye mawe au kwenye matope. Babu mwingine alikuja mwenyewe shuleni na mgono wake wa kunasia samaki, akakaa kwenye kiti changu, akafundisha kipindi kizima bila andalio la somo. Kipindi bora kuliko vyangu vyote mwaka ule.

Kumbe wakati huohuo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa kwenye Ghuba ya Mwanza wakifanya kazi hiyohiyo kwa darubini na nyavu za utafiti. Walianza mwishoni mwa miaka ya 1970, wakahesabu aina za furu, na kabla hawajamaliza kuzipa majina nyingi zikatoweka mbele ya macho yao. Wao wameandika vitabu. Orodha yetu iliandikwa kwenye karatasi ya manila, ikaliwa na mchwa. Ningetoa chochote niipate tena.

Sasa nirudi kwenye beseni. Jumanne tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ikikaribia Mwanza. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi walizikwa Igoma. Hakuna mtaa wa mji huu ambao haukuweka turubai. Darasani kwangu watoto wanne walifiwa. Somo la kuelea na kuzama lilikuwa kwenye muhtasari wa muhula ule, nikaliruka. Nani angethubutu?

Walilirudisha watoto. Juni, binti mmoja aliyempoteza shangazi yake alisimama na kusema: "Mwalimu, uliwahi kutuambia chuma kikiwa na umbo la bakuli kinaelea. Ile mbona haikuelea?" Nilitaka kumwambia akae. Nikakumbuka ndoo za baba. Nikamtuma mtu alete beseni.

Tulichukua kopo bapa la sardini, juu yake tukasimamisha maboksi mawili ya kiberiti kama ghorofa. Tukaokota kokoto tisa. Zote tisa zikiwa chini, ndani ya bati, kopo lilitulia. Ukilisukuma kwa kidole linayumba, linarudi. Tukazihamisha kidogo kidogo kwenye kiberiti cha juu, kokoto zilezile tisa, uzito uleule. Likaanza kulala upande. Kwa kokoto ya saba, ukiligusa tu, linabiduka. Darasa lilikuwa kimya kama kanisa. Kisha wakaanza kuuliza wenyewe: zikiwa nusu juu nusu chini? Zikikaa zote upande mmoja? Maji yakiingia kidogo? Nani anahesabu watu bandarini? Hilo la mwisho halikuwa la sayansi, na sikulizuia. Meli ile iliruhusiwa abiria 430, kwa hiyo tuliandika ubaoni hesabu ya kutoa ambayo hakuna mtoto aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani, akaona beseni, akaona nyuso zetu, akaondoka. Ninamshukuru kwa kuondoka kule.

Kitu kama hicho, kilichopangwa kwa wino na fedha, kilikuja miaka michache baadaye kwa jina la MEMA kwa Vijana. Kuanzia mwaka 1999, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya hapa Mwanza, AMREF na wenzao wa Chuo cha Afya na Tiba za Kitropiki cha London walishirikiana na serikali kufundisha afya ya uzazi na UKIMWI katika shule za msingi 62 za Sengerema, Geita, Misungwi na Kwimba, Darasa la Tano hadi la Saba. Mdogo wangu alikuwa akifundisha upande wa Sengerema. Alisema hajawahi kuona watoto wakingojea kipindi namna ile: maigizo, visa, michezo, na waelimisha rika waliotoka miongoni mwa wanafunzi wenyewe wakicheza mbele ya wenzao. Binti anayeigiza kukataa zawadi ya mvuvi, darasa zima linamshauri aseme nini. Mwalimu anauliza na kusubiri.

Watafiti walifuatilia vijana zaidi ya 9,000. Ujuzi ulipanda, mitazamo ikabadilika. Maambukizi ya virusi na mimba, hata hivyo, havikupungua kwa namna ya kuonekana, na walipopima tena mwaka 2007 na 2008 ikawa vilevile. Wengine walisema basi, michezo ya darasani haina faida. Mimi sikubali. Somo lilifanya kazi ya somo: watoto walijua, na waliendelea kujua miaka mingi baadaye. Binti anayejua kila kitu na hana nauli wala sare bado atakutana na mwenye pesa pale mwaloni. Hiyo si kazi ya kumbebesha mwalimu na igizo lake.

Kilichotushinda sisi hakikuwa ukosefu wa mbinu. Ada ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, wanafunzi waliongezeka kutoka karibu milioni 4.9 hadi zaidi ya milioni 6.5 katika miaka miwili. Jambo jema, na ningelipigia kura tena. Darasa langu lilifika watoto 110. Beseni moja mbele ya watoto 110 ni fumbo. Wa nyuma wanaona kisogo cha wa mbele. Nilijaribu makundi kumi na sufuria kumi za kuombwa majumbani, sufuria mbili zikapotea, wazazi wakaja juu. Halafu mwaka 2012 mtihani wa Darasa la Saba ukaanza kusahihishwa kwa mashine, na kazi ya darasa ikawa kuwazoeza watoto kusiliba viduara. Nilifundisha kusiliba kama wengine. Beseni lilikaa kabatini miaka mitatu.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kisiwani Ukara, kikiwa kinakaribia gati la Bwisya, kimebeba watu zaidi ya mara mbili ya idadi kilichoruhusiwa, na zaidi ya 200 wakafa. Usiku ule alinipigia simu mwanafunzi wangu wa mwaka 1996, sasa fundi wa mitumbwi. Hakuwa na mengi. Aliniuliza kama beseni bado ninalo.

Ninalo. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na ratibani yapo masomo kama Sanaa na Michezo, na Jiografia na Mazingira. Watoto walioanza nao wakiwa Darasa la Tatu watafika la Sita mwaka 2027, na watahitimu mwaka mmoja na wa la Saba wa mtaala wa zamani. Mwalimu utakayekuwa nao huku ziwani, usisubiri semina. Visoda waombe wenye vioski, kokoto okota barabarani, na kama huna beseni njoo uchukue langu. Limechubuka ukingoni lakini halivuji.